Mti na Matunda Yake: Shuhuda za John Newton na John Woolman

Miongoni mwa fani za nathari zilizozaliwa na Ukristo, ni chache zilizoenea katika nchi nyingi kama ushuhuda. Mtu husimama mbele ya wenzake, au huketi akashika kalamu, akaeleza jinsi alivyokuwa zamani, jinsi alivyoguswa, na jinsi alivyo sasa. Mpango wa maelezo hayo ni mwepesi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuigwa. Aliyesikia shuhuda kumi aweza kutunga wa kumi na moja pasipo kuongoka hata kidogo. Basi msomaji hana budi kuuliza: maandishi yanayodai kwamba mtu amegeuka yana nini ndani yake cha kumfanya asadiki?

Lugha ya Kiswahili imekwisha kulidokeza jibu. Kuongoa ni kumtia mtu katika njia iliyo sawa, na aliyeongoka ni yule aliyekwisha kuishika njia hiyo. Ni neno la miguu kabla halijawa neno la ulimi. Injili ya Luka nayo, ilipotaka kuonyesha kwamba Zakayo mtoza ushuru amegeuka, haikusimulia machozi yake. Ilitaja mali na kiasi chake: nusu kwa maskini, na mara nne kwa yeyote aliyedhulumiwa. Katika kisa hicho kifupi wamo watu watatu. Yupo mwenye dhambi, yupo Bwana aliyeingia nyumbani mwake, na yupo yule aliyenyang'anywa haki yake, ambaye hatajwi jina lakini hesabu yake inakumbukwa. Huyu wa tatu ndiye atakayeandamwa katika makala haya.

Vitabu viwili vya karne ya 18 vinafaa sana kwa kazi hiyo. Cha kwanza ni masimulizi ya maisha ya John Newton, Mwingereza, yaliyotolewa mwaka 1764 kwa jina la An Authentic Narrative. Cha pili ni Journal ya John Woolman wa New Jersey katika Marekani, kilichotolewa mwaka 1774, miaka miwili baada ya mwenyewe kufariki. Waandishi hawa walikuwa karibu rika moja: Woolman alizaliwa mwaka 1720 na Newton mwaka 1725. Wote wawili waliandika habari za neema, na wote wawili waliishi katika dunia iliyolishwa na kuvikwa kwa jasho la watumwa. Hapa haihukumiwi nafsi ya mtu, maana hiyo si kazi ya mhakiki. Yanayopimwa ni maandishi, ili kuona kila kimoja kinaleta ushahidi wa namna gani.

Kisa cha Newton kinajulikana sana. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Baba yake alikuwa nahodha, naye akafuata bahari. Mwaka 1744 alikamatwa na kutiwa kwa nguvu katika jeshi la majini, akatoroka, akashikwa, akapigwa mijeledi. Baadaye alifika pwani ya Sierra Leone, akamtumikia mfanyabiashara wa watumwa katika visiwa vya Plantain, na huko akadhiliwa, akaugua, akashinda na njaa. Alipopata merikebu ya kumrudisha kwao, ilipigwa na dhoruba katika Atlantiki mwezi wa Machi 1748. Maji yakajaa, chakula kikapotea, na Newton, aliyekuwa amezoea kumtukana Mungu hata mabaharia wenzake wakashangaa, akaanza kuomba. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka mpaka kufa kwake.

Kwa upande wa usanii, masimulizi haya yana nguvu. Yameandikwa kwa mtindo wa barua kwa kasisi rafiki yake, na sauti yake ni ya mtu anayezungumza barazani, asiye na haraka wala majivuno. Msomaji humwona kijana mwenye njaa, amechukua kitabu cha jiometri, anachora maumbo mchangani kwa kijiti ili asahau mateso yake. Picha kama hiyo haitungwi na mwongo. Tena Newton hakujipamba. Alieleza ujinga wake na uchafu wake waziwazi kuliko wengi waliomtangulia katika fani hii.

Lakini msomaji akifika kwenye sehemu inayofuata dhoruba, akatafuta matunda, atayakuta ya namna moja tu. Newton aliacha kuapa ovyo. Alisoma Biblia. Alijifunza Kilatini katika saa zake za faragha. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia wake mara mbili kwa sala. Ni matunda mema yote hayo, ila aliyachuma akiwa wapi? Baada ya dhoruba alisafiri kama msaidizi wa nahodha katika merikebu ya watumwa. Kisha, kati ya mwaka 1750 na 1754, akawa nahodha mwenyewe, akafunga safari tatu za kuwachukua watu wa Afrika Magharibi kwenda kuwauza ng'ambo. Sala za Jumapili zilisomwa juu, sitahani. Chini yake, katika ngama, watu walilala wamefungwa pingu wawiliwawili.

Kuhusu biashara hiyo masimulizi ya mwaka 1764 yana maneno machache tu. Newton aeleza kwamba wakati ule hakuwa na shaka yoyote juu ya uhalali wake, na kwamba aliiona kuwa kazi aliyopangiwa na Mungu. Kilichomsumbua ni kule kujiona kama mlinzi wa gereza, kazi ya minyororo na makufuli isiyopendeza, hata akaomba apewe nyingine ya kiutu zaidi. Hakuiacha bahari kwa kukatazwa na dhamiri. Aliugua ghafla mwaka 1754, karibu na siku ya kutweka, akashauriwa asisafiri. Mwandishi aliyeweza kuchambua kila mwendo wa moyo wake hadi uzi wa mwisho, hapa alipita upesi kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Upo ushahidi mwingine wa mkono uleule. Batli ya safari zake za unahodha ilihifadhiwa, ikachapishwa mwaka 1962. Humo watumwa waliokufa wanatajwa kwa nambari: mwanamume nambari fulani amezikwa leo, msichana nambari fulani amezikwa leo. Mwezi wa Desemba 1752, aliposhuku kwamba watumwa wanapanga kuasi, aliandika kwamba amewatia wavulana kadhaa katika vyuma vya kubana vidole gumba, kidogo tu, ili waseme yote. Miaka zaidi ya minne ilikuwa imepita tangu dhoruba. Mkono ulioandika maneno hayo ulikuwa pia unaandika sala na maazimio ya maisha matakatifu, na ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe hakuona mgongano wowote kati ya kurasa hizo mbili.

Hata hivyo jambo zito kuliko yote halimo katika batli. Limo katika masimulizi yenyewe, nalo laweza kumpita msomaji mwenye haraka. Newton asimulia kwamba alipokuwa mgonjwa na mwenye njaa kule visiwani, ametupwa kama kitu kisicho na faida, walikuwapo watu waliomletea chakula kwa siri. Watu hao walikuwa watumwa waliofungwa minyororo, waliotega sehemu ya posho yao ndogo wakamlisha yeye, huku wakiogopa kuonekana. Hiyo ndiyo sadaka iliyo safi kuliko zote katika kitabu kizima, na haikutolewa na Mkristo yeyote anayetajwa humo. Newton aliikumbuka, akaiandika, akaendelea na kisa chake. Hakuna mahali katika kitabu hicho anaposema: waliponilisha nilikuwa mdeni wao, nami nimewalipa kwa kuwanunua ndugu zao. Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Kosa la masimulizi ya mwaka 1764 ni kwamba yalitaja fadhila na kunyamazia mateke.

Hapa mtetezi wa Newton atakuwa na la kusema, na yafaa asikilizwe. Atasema kwanza kwamba Newton mwenyewe alikiri, katika kitabu hichohicho, kuwa hawezi kujihesabu mwamini kamili mpaka muda mrefu baada ya dhoruba. Hilo ni kweli, na ni sifa kwake. Alijua kwamba siku moja ya hofu haitoshi kuitwa wongofu. Atasema pili kwamba mtu huona kwa macho ya zama zake, na kwamba mwaka 1750 karibu kila mtu katika Liverpool aliihesabu biashara ile kuwa ya heshima. Neno hili la pili lingetosha, lau asingalikuwapo Woolman.

Woolman alikuwa wa Jamii ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, na ambao Kenya ya magharibi inawajua tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902. Alikuwa kijana karani wa duka wakati tajiri wake alipomwamuru aandike hati ya kumwuza mwanamke mtumwa. Mnunuzi alikuwa akingoja, tena alikuwa mzee wa jamii yao. Woolman aliandika. Lakini aliwaambia wote wawili papo hapo kwamba aona kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo, na baadaye akajilaumu kwa kuwa hakukataa kabisa. Kisa hicho hakina dhoruba wala mauti. Kina meza, karatasi, na mkono unaosita. Kwa Woolman hapo ndipo wongofu ulipojaribiwa, katika kazi ya kila siku inayompatia mtu mkate.

Aliyoyafanya baadaye yote yalikuwa ya kadiri hiyo. Alipokuwa mshoni, akiwaandikia pia majirani wasia zao, jirani mmoja mgonjwa alimwita amwandikie. Akaandika kila kitu isipokuwa sehemu ya kumrithisha mtu binti mtumwa, akampelekea bila kudai ujira, akamweleza kwa nini. Wakazungumza kwa makini, jirani akakubali kumwacha huru yule binti, ndipo wasia ukamalizwa. Mwaka 1757, aliposafiri Maryland na Virginia akikaribishwa na wenye watumwa, alichukua vipande vidogo vya fedha awalipe watumwa waliomhudumia, ili asile chakula cha kazi isiyolipwa. Kitabu chake kidogo cha kupinga umilikaji wa watumwa kilichapishwa mwaka 1754, mwaka uleule Newton alipotoka baharini kwa sababu ya ugonjwa. Zama zilikuwa moja. Kwa hiyo haiwezekani kuziachia zama lawama yote.

Tofauti ya waandishi hawa wawili yaonekana hata katika jinsi sentensi zao zilivyojengwa. Katika masimulizi ya Newton vitenzi vikubwa vina watu wawili tu: Mungu aliokoa, mimi niliokolewa, mimi nilikosa, Mungu alisamehe. Mtumwa huwapo kama sehemu ya mandhari, mfano wa mawimbi na upepo. Katika Woolman, karibu kila tendo la dini lina mtu wa tatu. Akila, yupo aliyepika. Akivaa, yupo aliyelima na kutia rangi. Akiandika, yupo atakayeuzwa kwa wino ule. Nathari yake ni kavu, haina misisimko, na kwa msomaji aliyezoea kisa chenye fundo na upeo yaweza kuchosha. Lakini ukavu huo una maana yake. Mwandishi anajizuia asije akaufanya moyo wake kuwa mhusika mkuu wa hadithi.

Isidhaniwe kwamba dalili za nje hazina hatari zake. Woolman mwenyewe aonyesha hatari hiyo kwa kisa chenye ucheshi uliofichika. Alipoamua kuvaa kofia ya manyoya yenye rangi yake ya asili, kwa kuwa rangi zilificha uchafu na kuharibu nguo, ilitokea kwamba kofia za namna ile zilikuwa zimeanza kuwa fasheni. Baadhi ya Marafiki wakamshuku kuwa anafuata mitindo ya dunia, wakajitenga naye. Akavumilia, akaendelea kuivaa. Fundisho la kisa hiki ni kwamba dalili ya nje, ikitengwa na mengine, yaweza kusomwa vibaya. Kofia ileile ni toba juu ya kichwa cha mmoja na majivuno juu ya kichwa cha mwingine. Nguo, kiasi cha sala, kuacha pombe, hata machozi, vyote vyaweza kuigwa. Kilicho kigumu kuigwa ni tendo linalomfikia mtu mwingine mahali alipoumizwa na kumgharimu mwenye kulitenda, kama ule wasia ulioandikwa bila ujira.

Kisha Newton anarudi tena. Alipadirishwa mwaka 1764 ahudumu katika mji mdogo wa Olney. Huko aliandika wimbo wa Amazing Grace kwa ibada ya Januari mosi 1773, ukachapishwa mwaka 1779. Wimbo huo husimuliwa mara nyingi kana kwamba ulitoka kinywani mwa mfanya biashara ya watumwa aliyetubia biashara yake. Tarehe hazikubali jambo hilo. Ulipoandikwa, Newton alikuwa bado hajasema neno lolote hadharani dhidi ya biashara ile. Alijiita mwovu, lakini uovu aliokwisha kuuungama mbele ya watu ulikuwa kufuru na ufisadi wa ujana.

Neno lile lilitoka mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba na miaka 34 baada ya kuacha bahari. Newton alikuwa kasisi katika jiji la London, mzee mwenye heshima, na William Wilberforce alikuwa amekwisha kumwendea kwa shauri tangu mwaka 1785. Kijitabu chake, Thoughts upon the African Slave Trade, kimeandikwa na mtu yuleyule kwa kalamu nyingine kabisa. Uzuri wa barua umetoweka. Akiri kwamba toba yake hadharani imechelewa mno, na kwamba daima atafedheheka kukumbuka kuwa alikuwa chombo cha kazi ambayo sasa moyo wake unaitetemekea. Kisha aanza kutoa ushahidi. Ataja vipimo vya ngama, na watu waliopangwa humo kama vitabu juu ya rafu. Ataja vile vyuma vya vidole gumba. Ataja wanawake waliopandishwa merikebuni uchi na kugawanywa kwa macho na mabaharia. Asimulia habari ya msaidizi wa nahodha mmoja aliyemnyang'anya mama mtoto mchanga aliyekuwa akilia usiku, akamtupa baharini.

Msomaji akiviweka vitabu vyote viwili mezani ataona kwamba huyu wa 1788 ndiye aliyeandika ushuhuda, ingawa jina la ushuhuda lilipewa kile cha 1764. Hapa yule wa tatu amerudi. Mama ana mtoto, mtoto ana kilio, na kilio kinasikika katika Bunge la Uingereza, ambako Newton alihojiwa na kamati. Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ilipata idhini Machi 1807, naye akafariki Desemba mwaka huohuo. Matunda yalichelewa, lakini yalikuwa matunda ya mti uleule. Kucheleweshwa kwake, hata hivyo, kuna bei, na bei hiyo hakuilipa Newton. Kwa miaka 34 merikebu ziliendelea kutweka.

Jambo hili si la Ulaya na Marekani tu. Uamsho ulioanzia Gahini katika Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliufanya ushuhuda kuwa fani ya watu wa kawaida. Tena uliweka sharti zuri: aliyeungama wizi alitazamiwa arudishe alichoiba, na wengi walirudisha vitu na fedha kwa wenyewe, wakaomba radhi ana kwa ana. Walakini Rwanda hiyohiyo, mwaka 1994, iliona waliobatizwa wakiwaua waliobatizwa, hata ndani ya makanisa kama yale ya Ntarama na Nyamata, ingawa walikuwapo pia Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao. Dhambi za chupa na za mfuko zilikuwa zimekwisha kupata msamiati wake katika shuhuda. Chuki ya mtu kwa ajili ya kabila lake ilikuwa bado haijapata, au ilipitiwa upesi kama Newton alivyoipita ngama.

Fasihi ya Kiswahili nayo imewahi kuutazama upande wa pili. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akieleza habari za watu walioletwa kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu hicho kimelaumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo si bure. Lakini kina jambo moja ambalo halimo katika batli yoyote: yule aliyehesabiwa kwa nambari sasa ana jina, ana mwana, na mwana huyo ameshika kalamu.

Basi mhakiki akipewa ushuhuda wa wongofu, hana haja ya kuuliza moyo wa mwandishi ulitetemeka kiasi gani. Na aitafute ile minyororo iliyotajwa kwa kupita, na yule mtu aliyetoa posho yake kidogo akamlisha mwenye njaa. Kisha aangalie kama msimulizi, alipokwisha kushiba, alirudi kumtafuta.